Mizinga 18 ya Giannutri: mingi mno kwa maua, michache mno kwa nyuki

Mwaka 2025 jarida la Current Biology lilichapisha utafiti kutoka Giannutri, kisiwa cha Italia chenye kilomita za mraba 2.6 tu, ndani ya hifadhi ya taifa ya visiwa vya Toscana. Mizinga 18 ya nyuki wa asali ilipelekwa huko mwaka 2018. Kwa miaka minne watafiti waliwahesabu nyuki wa mwitu, na spishi mbili walizozifuatilia kwa karibu, Anthophora dispar na Bombus terrestris, zikapungua kwa takriban asilimia 80. Katika msimu wa maua kulikuwa na siku walizoifunga mizinga yote nyuki wasitoke. Siku hizo mbochi, yaani maji matamu ya maua, iliyokutwa ndani ya maua ilipanda kwa karibu asilimia 60, na chavua kwa karibu asilimia 30. Mwishowe mizinga ikaondolewa kisiwani.

Wapo walioisoma habari hiyo kama hukumu dhidi ya nyuki wa asali, eti ni mvamizi popote aendapo. Wapo, hasa wafugaji, walioiona kama kashfa: mdudu aliyetengewa hata siku yake na Umoja wa Mataifa, Mei 20, leo anafukuzwa kama panya wa melini. Wote wamepita pembeni. Jambo la Giannutri ni la hesabu. Kisiwa kina idadi ya mizinga ambayo maua yake yanaweza kuilisha bila kuwanyima wadudu wengine, na kuna idadi nyingine ambayo nyuki wenyewe wanaihitaji ili wasizaane ndugu kwa ndugu. Penye ardhi kubwa, idadi ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili na mfugaji ana nafasi ya kufanya kazi. Kwenye kisiwa kidogo mambo yanageuka: kabla hujafikisha makundi ya kutosha kwa uzazi, maua yameshakwisha. Mfugaji wa hapo hana njia ila kuagiza malkia kutoka nje kila baada ya muda, na maradhi ya nyuki husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Tuanze na nani alikuwa wapi. Nyuki wa asali tunayemfuga, Apis mellifera, asili yake ni Afrika, Ulaya na Asia ya Magharibi. Visiwa vilivyo karibu na maeneo hayo ya asili anavyo tangu zamani: nyuki wa Unguja ni wale wale wa mwambao, Apis mellifera litorea, na Madagaska ina aina yake nyeusi, unicolor. Lakini visiwa vya mbali vya Pasifiki havikuwa naye kabisa. New Zealand alifika mwaka 1839, mizinga ikiletwa na mmisionari Mary Bumby. Hawaii alifika mwaka 1857 kutoka California. Huko alikuta maua yenye wenyewe. Hawaii peke yake ina spishi zaidi ya 60 za nyuki wadogo wa jenasi Hylaeus wasiopatikana penginepo duniani, kila jike akijitengenezea kiota chake ndani ya kijiti kikavu au tundu la jiwe la matumbawe, na chavua akiibeba ndani ya tumbo badala ya miguuni. Saba kati ya spishi hizo ziliingizwa mwaka 2016 katika orodha ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, nyuki wa kwanza kabisa kuwemo humo. Galápagos nako nyuki wa kienyeji ni mmoja tu, Xylocopa darwini, yule mkubwa anayetoboa mbao.

Ukitaka kuelewa kwa nini mizinga 18 ni mingi, usiangalie idadi ya masanduku, angalia ulaji. Kundi lenye nguvu lina nyuki 30,000 hadi 60,000, na kwa mwaka hutumia chavua kilo 20 au zaidi, achilia mbali mbochi inayogeuzwa kuwa makumi ya kilo za asali ya kujilisha lenyewe kabla mfugaji hajakata sega. Mwaka 2017 watafiti James Cane na Vincent Tepedino walipiga hesabu kwamba chavua inayokusanywa na kundi imara katika miezi mitatu ya kiangazi huko Marekani ingetosha kulea watoto 100,000 wa nyuki mpweke, yaani asiyeishi kwa makundi, wa ukubwa wa kati. Zidisha mara 18. Hata ukikata nusu kwa kuwa vichaka vya Mediterania ni vikavu, kisha ukakata nusu tena, bado unabaki na idadi ambayo kisiwa cha kilomita za mraba 2.6 hakiwezi kuibeba. Hiyo ni karibu mizinga saba kwa kila kilomita ya mraba, na nyuki wa asali huruka kilomita mbili au tatu bila shida, kwa hiyo Giannutri haikuwa na kona ambayo hawakuifikia. Tena hawafanyi kazi kwa bahati: mmoja akigundua kichaka kilichochanua hurudi mzingani, hucheza ngoma yake juu ya sega, na baada ya muda mfupi kichaka kina mamia. Jike wa Anthophora hana wa kumwambia. Anatoka peke yake, anakuta maua yaliyokombwa, anaruka mbali zaidi, na kila dakika anayoongeza angani ni dakika ambayo kiota chake kiko wazi na yai halijatagwa.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayorudiwa sana: nyuki ni mchavushaji, basi kuongeza nyuki ni kuongeza uchavushaji, na mimea ya kisiwa itafaidika. Ingekuwa hivyo kama kila mdudu angegusa ua kwa namna ile ile. Nyuki wa asali hupenda kumaliza kichaka kimoja kabla ya kwenda kingine, hivyo chavua nyingi anayoisambaza ni ya mti huo huo. Pia huweza kunyonya mbochi kwa pembeni bila kugusa stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua. Kwenye hifadhi ya Teide huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, ambako kila majira ya kuchipua ilikuwa ikipandishwa mizinga ipatayo 2,700, utafiti uliotoka mwaka 2019 ukiongozwa na Alfredo Valido ulionyesha kwamba mizinga ilipoingia aina za wachavushaji zilipungua, na mimea iliyotembelewa zaidi na nyuki wa asali ikazaa vibaya kuliko mingine. Kisha kuna swali la mimea gani inayosaidiwa. Kisiwani Santa Cruz, pwani ya California, nyuki wa asali walikuwa wachavushaji hodari wa gugu la miiba la njano lililotoka Ulaya, wakaliongezea mbegu. Mgeni anamfaa mgeni mwenzake. Anayesema nyuki wameletwa kuokoa uoto wa kisiwa aonyeshe kwanza ni mmea gani uliokuwa ukikosa mbegu kabla ya mizinga.

Zipo hoja nzito za upande wa pili, na hizo hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba kupungua kwa asilimia 80 si ushahidi wa kosa la mizinga peke yake. Kufunga mizinga kunathibitisha ushindani wa chakula, maana mbochi inapanda siku hiyo hiyo na tabia ya nyuki wa mwitu inabadilika. Lakini mteremko wa miaka minne ungeweza kuchangiwa na ukame au mabadiliko mengine, na hapakuwa na Giannutri ya pili isiyo na mizinga ya kulinganisha nayo. Visiwa vya Ogasawara vya Japani vinatuonya juu ya haraka ya kuhukumu. Nyuki wa asali waliingizwa huko miaka ya 1880, nyuki wa kienyeji wakatoweka kwenye visiwa vikubwa, na kwa muda lawama ilikuwa juu ya nyuki wa asali. Watafiti walipolinganisha kisiwa kwa kisiwa walikuta nyuki wa kienyeji wamebaki pale ambapo mjusi wa kijani wa kutoka Marekani, Anolis carolinensis, hajafika. Mjusi ndiye aliyekuwa akiwala. Hawaii vilevile, sisimizi wageni na kupotea kwa uoto wa pwani vimewaumiza Hylaeus pengine kuliko nyuki wa asali.

Hoja ya pili ni ya wakulima. Makadamia, matikiti na matango ya Hawaii yanategemea nyuki hawa, na kisiwa kikubwa cha Hawaii kimejenga biashara ya kuzalisha malkia wanaouzwa bara la Marekani na Kanada. Ndege kadhaa wa kienyeji waliokuwa wakinyonya maua wamekwisha kutoweka, na kwa baadhi ya miti nyuki wa asali ndiye aliyebaki kuitembelea. Baada ya zaidi ya miaka 160, kumtaja kama mgeni wa kufukuzwa ni maneno tu. Nakubaliana na hoja hii kwa Hawaii. Tatizo ni kuibeba ikiwa nzima na kuipeleka kwenye kisiwa kidogo ambacho hakijawahi kuwa na shamba la makadamia wala mzinga.

Sasa upande wa nyuki wenyewe, ambao wahifadhi wengi huuruka. Jinsia ya nyuki wa asali huamuliwa na jeni moja yenye sura nyingi. Yai lisilorutubishwa huwa dume. Yai lililorutubishwa huwa jike iwapo tu limepata sura mbili tofauti za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Zikifanana, yai huwa dume la kasoro, na vibarua humla funza huyo saa chache baada ya kuanguliwa. Malkia akipandwa na dume mwenye sura inayofanana na moja ya kwake, nusu ya mayai yanayorutubishwa na dume huyo yanapotea. Kwenye bara jambo hili si tatizo, kwa sababu sura hizo zipo kwa makumi na malkia hupandwa na madume 10 hadi 20. Kwenye kisiwa chenye makundi machache yaliyotoka kwa mama mmoja, baada ya vizazi kadhaa utafungua mzinga ukute sega la majana, yaani watoto wa nyuki, lenye matundu matundu: vyumba vitatu vimefunikwa, viwili vitupu, kimoja kina yai. Mfugaji asiyejua hulaumu malkia mzee au njaa, anabadilisha malkia kwa binti wa mzinga wa jirani, na hali inazidi. Watafiti wa Marekani Robert Page na Harry Laidlaw walikadiria mwaka 1982 kwamba ili uzao ubaki salama kwa vizazi 20 bila damu mpya kunahitajika makundi 35 hadi 50 yanayosimamiwa vizuri. Iweke namba hiyo kando ya 18 za Giannutri, ambazo tayari zilikuwa zimewazidi nyuki wa mwitu.

Kwa hiyo boti italeta malkia. Hapa historia haina huruma. Molokai, kisiwa kimoja cha Hawaii, katika miaka ya 1930 kilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa asali duniani, asali nyeupe ya mti wa kiawe, ambao ni ndugu wa karibu wa mti wa mathenge unaowatesa wafugaji wa Baringo, Kenya. Ugonjwa wa kuoza kwa majana uliingia na biashara ile ikaanguka kabla ya muongo kwisha. Bakteria wake, Paenibacillus larvae, huacha mbegu zinazodumu kwenye mbao na nta kwa zaidi ya miaka 40, hivyo mzinga mtupu uliotumika unaweza kuwa hatari kuliko wenye nyuki. Mwaka 2007 utitiri wa varoa, kimelea kidogo cha nyuki, ulionekana Oahu, kisiwa kingine cha Hawaii, na mwaka uliofuata kwenye kisiwa kikubwa. Timu ya mtafiti Stephen Martin ilipima virusi vya kulemaza mabawa kabla na baada: vilikuwa kwenye karibu asilimia 10 ya makundi, vikafika asilimia 100 penye utitiri, na aina nyingi za virusi zikabaki moja kali. Kwenye bahari yetu ya Hindi mlolongo ni huo huo: Madagaska mwaka 2010, Morisi 2014, Réunion 2017. Hakuna utitiri unaoogelea; umebebwa na watu.

Msomaji wa Tanzania au Kenya atauliza mbona kwetu hatusikii kilio hicho. Varoa ilithibitishwa katika nchi zote mbili mwaka 2009 na makundi hayakufa kwa wingi. Nyuki wetu hugawanyika na kuhama mara kwa mara na hujisafisha zaidi, kwa hiyo utitiri haupati nafasi ya kuongezeka kama ulivyopata Ulaya. Hata mbawakawa mdogo wa mizinga, aliyefika Hawaii mwaka 2010 na kugeuza masega kuwa uji unaonuka, asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na hapa nyuki humfungia kwenye pembe kwa gundi yao asitoke. Uvumilivu huo ndio unaomfanya nyuki wa Afrika awe abiria wa hatari: anaonekana mzima, kumbe amebeba kitu ambacho kitawaua nyuki wa kisiwa kisichowahi kukiona.

Mifano ya mafanikio ipo, nayo inaunga mkono hesabu hii. Kangaroo Island ya Australia Kusini ilipokea nyuki wa Liguria, eneo la Italia, miaka ya 1880, na mwaka 1885 ikatungiwa sheria ya kuifanya hifadhi yao. Hadi leo ni marufuku kuingiza humo nyuki, asali au vifaa vilivyotumika. Lakini kisiwa hicho ni karibu kilomita za mraba 4,400. Kuna nafasi ya makundi mengi kuzaana bila kuomba malkia nje. Colonsay ya Uskochi ni ndogo zaidi, ila huko nyuki mweusi wa Ulaya ni wa eneo lile lile la asili, na amri iliyoanza kazi mwaka 2014 inakataza kuingizwa kwa aina nyingine yoyote. Anayetumia visiwa hivyo kutetea mizinga kwenye kisiwa cha kilomita za mraba tatu ameazima jibu la mtihani mwingine.

Wengine husema tujaribu, ikishindikana tutawatoa. Giannutri iliweza kwa sababu walikuwa bado kwenye masanduku. Nyuki hawakai kwenye masanduku. Chumba cha malkia mpya hufunikwa takriban siku ya nane tangu yai litagwe, na bumba la kwanza, yaani kundi linalohama na malkia mzee, huondoka karibu na siku hiyo, kwa hiyo mfugaji anayekagua kila baada ya wiki mbili tayari amepoteza makundi kwenye mapango na kuta za magofu. Kwenye kisiwa ukaguzi ni kila siku saba msimu mzima, bawa moja la malkia likiwa limepunguzwa. Santa Cruz inaonyesha gharama ya kushindwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti Adrian Wenner, Robbin Thorp na wenzao walisaka makundi ya porini kwa njia ya kale: unaweka kisahani cha maji ya sukari yenye harufu, unamtia nyuki doa la rangi mgongoni, unaangalia anaelekea wapi na unapima muda hadi arudi. Akirejea ndani ya dakika tatu au nne, kundi liko mita mia chache; akikawia dakika kumi, andaa viatu. Unahamisha kisahani, unapata mstari wa pili, na mistari inapokutana ndipo lilipo tundu. Walipata karibu makundi 200 kwa namna hiyo na bado kisiwa hakikuisha nyuki. Mwaka 1993 wakaingiza varoa kwa makusudi, na hapo ndipo makundi ya porini yalipoporomoka hadi hakuna aliyeonekana tena katikati ya miaka ya 2000. Dawa iliyofanya kazi ni ile ile ambayo visiwa vingine vinaikimbia.

Kwa ofisa anayetoa vibali, basi, swali la kwanza liwe eneo la kisiwa na idadi ya makundi yanayoombwa, siyo kilo za asali zinazotarajiwa. Kama nyuki wa asali hawakuwapo na kisiwa hakiwezi kubeba makundi 50 bila kuwabana wengine, kibali kikataliwe. Kama wapo na kilimo kinawategemea, mizinga na vifaa vilivyotumika vizuiwe bandarini, damu mpya iingie kama mbegu za madume kwa upandishaji wa chupa, na ikilazimu malkia, aje kwenye kitundu chenye chakula cha sukari tupu kisicho na asali. Akishuka ahamishiwe kitundu kipya na kupewa vibarua wa pale pale. Waliomsindikiza watiwe kwenye spiriti na kukaguliwa, na kitundu kichomwe moto. Mizinga ya ulinzi karibu na gati ipimwe utitiri kila mwezi: chota nyuki nusu kikombe, yaani 300 hivi, hakikisha malkia hayumo, watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu na vijiko viwili vya sukari ya unga, wazungushe, subiri dakika mbili, kung'utia kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo. Kwingineko mfugaji huanza kutibu akikuta utitiri watatu kwa kila nyuki 100. Kwenye kisiwa safi, mmoja tu anatosha kufunga bandari.

Kwa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ambako siku hizi miradi ya mizinga ya mikokoni ni mingi, sharti ni jepesi zaidi: makundi yasivushwe kutoka bara kabisa. Mzinga mtupu utundikwe kabla ya msimu wa maua, upakwe nta ndani na mlangoni, nta ya kisiwa hicho hicho na siyo ya dukani Dar es Salaam au Mombasa, na uachwe. Ukikaa misimu miwili bila nyuki kuingia, ilhali nta ni nzuri na siafu hawajaufikia, mradi usitafute kundi la kununua. Uuteremshe mzinga.